Mtwara Kuchele, Lakini Bando Limeisha

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulishafika Mtwara zamani. Hilo hatubishani na serikali. Ulianza kujengwa 2009 kwa mkopo kutoka China, mkopo ambao tunaulipa mimi, wewe na mama anayeuza samaki pale feri, na leo unasimamiwa na TTCL, ambalo ni shirika la umma. Ukisikiliza hotuba za bajeti za wizara utaambiwa makao makuu ya mikoa yameunganishwa, na sasa habari kubwa ni kuupeleka mpaka Mtambaswala ili tuwauzie huduma wenzetu wa Msumbiji. Sawa kabisa. Swali langu ni dogo tu: umeingia kwenye nyumba ya nani?

Nauliza hivyo kwa sababu sisi watu wa kusini hii hadithi tunaijua. Mkoloni alijenga bandari na reli kwa ajili ya mradi wake wa karanga, mradi ukafa, na 1963 reli ikafungwa. Mpaka leo tuna kata inaitwa Reli na hakuna garimoshi. Halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, na ilipofika wakati wa kuitumia kwa wingi tukaambiwa bomba linakwenda Dar es Salaam. Wananchi wakauliza, kwanza kwa maandamano ya amani ya Desemba 2012, halafu mambo yakaharibika Januari na Mei 2013. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, wanajeshi waliletwa. Bomba lilijengwa hivyohivyo, likaanza kazi 2015, na Msimbati bado wapo watu wanaopikia kuni huku mitambo inawaka taa usiku kucha.

Sisemi mkongo ni sawa na gesi. Gesi ikichukuliwa inaisha, mkongo hauishi. Lakini tabia ni ileile: kitu kinapita kwetu kwenda kwingine, na sisi tunabaki kuhesabu nguzo. Safari hii hatuhitaji maandamano kukirekebisha. Tunahitaji paipu.

Naomba nieleze hiyo paipu, maana ndiyo hoja yangu yote.

Unapojenga nyumba, fundi umeme anakuja kabla ya lipu. Anachimbia paipu zake ukutani, anaacha visanduku vya soketi, nyaya zinakuja baadaye. Fundi bomba naye vilevile. Nje mtaro unachimbwa mara moja, maji yanapita, umeme unapita, unafukiwa. Kuongeza paipu moja nyembamba kwenye mtaro huohuo, na kisanduku kimoja zaidi kwenye ukuta wa kila nyumba kwa ajili ya faiba, ni gharama ambayo kwenye mchanganuo wa mkandarasi hutaiona, itapotea katikati ya misumari na rangi. Lakini nyumba ikishakwisha, lipu imekauka, vigae vimewekwa, kuja kupitisha waya ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya ulipopiga hesabu zake uliona kwamba kwenye kusambaza intaneti ya kasi, hadi asilimia 80 ya gharama inaweza kuwa kuchimba na kujenga, wala siyo waya wenyewe. Ndiyo maana 2014 walitunga sheria kwamba kila jengo jipya litakaloombewa kibali baada ya mwisho wa 2016 lazima liwe na njia ya kupitisha mawasiliano ya kasi mpaka ndani ya kila nyumba. Marekani nao, Desemba 2016, wizara yao ya nyumba ilipitisha kanuni kwamba majengo ya wapangaji wa kipato cha chini yanayojengwa au kukarabatiwa kwa fedha zake lazima yawekewe miundombinu ya intaneti ya kasi. Hawakusema tajiri awekewe. Tajiri anajiwekea mwenyewe. Walisema hela ya umma ikijenga nyumba ya mnyonge, intaneti iwe imo ndani kama bomba la maji.

Sasa tuje kwetu.

Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilianzishwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Kwa wakati ule nyumba bora ilikuwa ukuta wa tofali, bati, maji na choo. Ilikuwa sahihi. Miaka zaidi ya 60 imepita na NHC bado inajenga, na mikoa yetu imepata kidogo: kuna nyumba za gharama nafuu za Napupa kule Masasi, kuna za Mtanda kule Lindi. Kuna Wakala wa Majengo, TBA, ambao ndio waliojenga Magomeni Kota Dar es Salaam, nyumba kwa ajili ya kaya 644, ikazinduliwa Machi 2022. Kuna Watumishi Housing. Na kuna ule mpango mkubwa wa NHC uliopewa jina la Rais, nyumba 5,000, ukaanza na nyumba 560 Kawe. Tuliambiwa nusu yake ni Dar, asilimia 20 Dodoma, na asilimia 30 iliyobaki mikoa mingine yote. Mikoa mingine yote! Tugawane hiyo thelathini. Lakini hata hicho kidogo kitakachofika Mtwara, mimi nataka kujua mchoro wake ukoje kabla msingi haujachimbwa.

(Nafahamu kuna msomaji anacheka hapo alipoona "gharama nafuu". Nafuu kwa nani? Nyumba hizi zinauzwa mamilioni ambayo mwalimu wa shule ya msingi Nanguruwe hawezi kuyapata hata akiuza korosho za ukoo mzima, na riba ya mkopo wa nyumba bado ni ya tarakimu mbili. Nakubaliana naye asilimia mia, na siku nyingine nitaandika hilo peke yake. Lakini nyumba zile zinajengwa kwa ardhi ya umma na dhamana ya umma, na ziko za kupangisha. Lazima tuseme ziweje.)

Watu wengi hawaoni haraka ya jambo hili kwa sababu kila mtu ana simu. "Intaneti si ipo? Unga bando." Takwimu za TCRA zinatuambia laini za intaneti nchini zimeshapita milioni 40, na viongozi wanazisoma kwa kujivunia. Kinachofichwa humo ni kwamba karibu zote ni za simu ya mkononi. Waya unaofika mpaka nyumbani ni wa wachache mno, na wengi wao wako Dar.

Simu ni nzuri, mimi naandika makala hii kwenye simu. Lakini tupige hesabu ya mtaani. Mimi ni mpangaji Chikongola, nyumba ya vyumba sita, wapangaji tuko watano. Kila mmoja akiunga bando la buku kwa siku, ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kichwa. Nyumba nzima ni 150,000. Kwa mwezi! Na ndani ya hela hiyo serikali ina chake, maana kuna ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano na VAT asilimia 18 juu yake. Mwenye nyumba wetu hajawahi kuiona hiyo laki na nusu, TTCL hawajawahi kuiona, sisi wenyewe hatujawahi kuiona, kwa sababu inatoka buku buku. Mwenye hela anayelipia mwezi mzima anapata kasi, anapata matumizi yasiyokatika, watoto wake wanasoma, televisheni inacheza. Sisi kwa hela ileile au zaidi tunapata vipande vya saa ishirini na nne, vinavyoisha saa nne usiku ukiwa katikati ya jambo la maana. Huo ndio ukweli wa bando. Maskini ananunua intaneti kama anavyonunua mafuta ya kula ya kupima, na siku zote ya kupima ndiyo ghali.

Tulijaribu kujiongeza. Tulichanga tukanunua ruta ya laini ya simu, tukaiweka ukumbini. Asubuhi ilikuwa safi. Ikifika saa mbili usiku, mtaa mzima umerudi nyumbani na wote wako kwenye mnara mmoja, inazunguka tu. Mnara una kikomo chake, na kuongeza ruta hakuongezi kikomo hicho. Waya hauna shida hiyo.

Halafu kuna wanaosema vijana wanataka intaneti ya kasi wakatazame video za kucheza. Hawa huwa nawajibu kwa orodha ya mambo ambayo serikali yenyewe imeyahamishia mtandaoni, ikatufungia mlango wa mbele. Mkopo wa chuo kikuu, mtandaoni. Kazi ya serikali, Ajira Portal. Kusajili kampuni BRELA, mtandaoni. Leseni ya biashara, mfumo wa Tausi. Zabuni, mfumo wa NeST. Ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, uliosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, nao sasa unaombwa kwa mfumo. Hata korosho! Tangu msimu wa 2024 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mkulima wa Tandahimba bei yake inapangwa kwenye kioo. Sipingi mifumo, mifumo inapunguza rushwa ya dirishani. Ila ukihamisha ofisi kuipeleka mahali, unawajibika kujenga barabara ya kufika huko.

Nani anafaidi pengo hili? Nenda stesheneri yoyote karibu na soko kuu wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Utakuta foleni ya madogo wamebeba vyeti kwenye bahasha. Kijana wa stesheneri anawajazia fomu kwa malipo, anashika namba zao za siri, anajua vitambulisho vyao vya NIDA, anajua kila kitu. Binti wa mwenye nyumba wetu mwaka jana alikataa kwenda huko, baba yake alisema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Akakaa kibarazani na simu. Bando likaisha akiwa anapandisha cheti cha kuzaliwa. Akaunga jingine, likaisha kwenye matokeo ya kidato cha nne. Usiku wa tatu tukamchangia wapangaji wote, kila mtu akarusha hotispoti kwa zamu, fomu ikaisha saa saba usiku. Alipata mkopo na sasa yuko chuo. Lakini hebu fikiria wale ambao nyumbani kwao hawana wapangaji watano wa kuwachangia. Kwenye orodha ya waliokosa mkopo hawamo hata, kwa sababu hawakuomba. Wanahesabika kama vijana wasiojishughulisha.

Na tusiongee kama vile Mtwara ni mjini tu. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 1.6 kwa sensa ya 2022, na walio wengi wako nje ya manispaa. Shuka kusini, pita Naliendele, nenda Madimba mpaka Msimbati, au shika njia ya Mahurunga na Kilambo mpaka mdomoni mwa Ruvuma. Ukiwa Kilambo unasubiri kuvuka, simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo. Saa inarudi nyuma saa moja kwa sababu Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, na vocha inayeyuka. Cha kuchekesha ni kwamba kampuni ya Vietnam inayomiliki Movitel upande ule ndiyo hiyohiyo inayomiliki Halotel upande huu. Cha kusikitisha ni kwamba Msumbiji wana Starlink tangu 2023, nchi ambayo Cabo Delgado yake imechomwa na vita, Malawi wakaipata mwaka huohuo, Kenya vilevile, na sisi mpaka 2025 tulikuwa hatujatoa leseni. Mimi siyo shabiki wa yule tajiri mwenye Starlink, na dishi lake kwa mvuvi wa Msimbati bado ni ghali. Lakini mtu wa Mkunguni anayetazama ng'ambo ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kwa vijiji vile simu na mnara ni muhimu kuliko paipu, nakiri. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini Mei 2023 mikataba ya minara 758 kwenye kata 713. Ni jambo jema, na wapinzani tusione aibu kusema jema. Baada ya kilichotokea Kitaya Oktoba 2020, watu walipovamiwa kutoka ng'ambo ya mto, hakuna wa kuniambia mawasiliano ya mpakani ni anasa. Lakini angalieni mtindo wenyewe: ruzuku kubwa inakwenda kwenye mnara, na mnara ukishasimama unauza bando. Hakuna shilingi ya ruzuku inayokwenda kwenye ukuta wa nyumba ya mpangaji. Mfuko unaitwa wa mawasiliano kwa wote. Mpangaji wa Chikongola naye ni katika hao wote.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wazee wetu: maji kwanza. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, mimi nafungua bomba linatoa upepo, wewe unaniletea habari za mtandao." Nilimwamkia nikamwambia, shikamoo mzee, na mimi ni wa maji. Ila siku MTUWASA watakapokuja kuchimba mtaro wa maji yako, huo mtaro utakuwa wazi wiki nzima. Kwa nini tuufukie halafu miaka miwili baadaye aje mwingine aukate tena, akate na bomba lako la maji humohumo? Akanyamaza, akasema, "Hapo sasa." Barabara ngapi hapa mjini tumeziona zikiwekwa lami na kupasuliwa kabla hazijatimiza mwaka? Maji na faiba havigombanii hela. Vinagombania ratiba, na ratiba haina wa kuipanga kwa sababu maji wako kivyao, TANESCO kivyao, TARURA kivyao, TTCL kivyao, na halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi haimuulizi yeyote.

Hapo kwenye kibali ndipo penye mchongo. Hatuhitaji kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma ili kuanza. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inatoa vibali vya ujenzi. Inapima viwanja, ule mradi wa kupanga, kupima na kumilikisha, na inauza viwanja kwa bei inayosema ndani yake kuna miundombinu. Inaweza kesho asubuhi kusema: mradi wowote wa nyumba za umma, na jengo lolote la wapangaji zaidi ya, tuseme, wanne, mchoro wake uoneshe njia ya mawasiliano kutoka barabarani mpaka kila mlango. Na kwenye viwanja vipya, paipu ilazwe pembeni ya barabara siku ileile greda linapopita, iwe mali ya halmashauri, kampuni zije zikodi. Hilo la mwisho ni chanzo cha mapato, waheshimiwa, msiseme hatuwaletei vyanzo. Afadhali hicho kuliko kukimbizana na wauza mihogo.

Kwa nyumba zilizopo, hizi za kwetu za vyumba na ukumbi, ambazo ndizo anazoishi mtu wa kawaida Magomeni, Likombe na Mikindani, mtaro hauwezekani leo. Lakini nguzo ya TANESCO iko nje ya kila nyumba. Waya wa faiba ni mwepesi, unaweza kuning'inia kwenye nguzo hiyohiyo kwa kukodi nafasi. TANESCO ni ya umma, TTCL ni ya umma. Mashirika mawili ya baba mmoja yanashindwaje kukaa meza moja?

Niseme na jambo la mwenye jengo kushika watu mateka. Lipo ghorofa moja hapa mjini, silitaji, ambalo mwenyewe aliingia mkataba na kampuni moja tu ya intaneti. Mpangaji ukitaka nyingine, mlinzi anamzuia fundi getini. Bei ikapanda, huduma ikashuka, huna pa kwenda. Kwa hiyo tukidai paipu kwenye nyumba za NHC tudai na sharti lake: njia ni ya jengo, kampuni yoyote yenye leseni ipite, mpangaji achague. Vinginevyo tutakuwa tumemjengea mtu mmoja duka kwa hela ya umma. Na bei ya kuanzia iwepo ya watu wa chini, UCSAF ichangie hapo. Kaya mbili tatu zigawane laini moja, hakuna ubaya. Umeme nao hukatika, tunajua sana, lakini ruta inakula umeme kidogo kuliko balbu nyingi. Betri ndogo ya sola inaibeba usiku kucha.

Kuna kitu kingine ambacho blogu hii haiwezi kukiruka. Waya mpaka mlangoni ni mzuri, lakini mkono ulioshika swichi ni wa nani? Uchaguzi wa Oktoba 2020 tulikaa siku kadhaa WhatsApp na Twitter hazifunguki bila ujanja. Oktoba 2023 TCRA ikataka wanaotumia VPN wajiandikishe. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Na tukumbuke Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika, nchi nzima ikalala, na hiyo ilikuwa bahati mbaya tu ya baharini. Tuliona biashara zilivyokwama. Anayezima kwa makusudi analeta hasara ileile kwa kukusudia. Mtu akiniambia atanipa faiba, namuuliza pia kama wakati wa uchaguzi ataiacha iwake. Ila sikubaliani na wenzangu wachache wanaosema tusidai mkongo kwa sababu utazimwa. Kwa hoja hiyo tusidai hata umeme.

Tunalo pia jambo la wakati. Mazungumzo ya mradi wa gesi asilia ya kusindika pale Likong'o, Lindi, yamekuwa yakienda na kurudi. Ng'ambo, Afungi kwenye wilaya ya Palma, wana mradi wao uliosimama baada ya shambulio la Machi 2021. Siku moja miradi hii itashika kasi. Tunaikumbuka Mtwara ya 2012 na 2013, kodi za Shangani zilivyopanda, watu wakahamishwa vyumba ili nyumba ikarabatiwe kwa ajili ya wageni wa makampuni, halafu wageni wakaondoka na nyumba zikabaki na popo. Ujenzi ule ulifanyika kwa pupa, bila mtu kuuliza mji unabaki na nini. Ukija mwingine, utakuja kwa pupa vilevile. Kanuni ya paipu ikiwepo kabla, kila tofali litakalowekwa na pesa ya gesi litaacha kitu ukutani kwa mpangaji atakayekuja baada ya mgeni kuondoka. Ikikosekana, tutabomoa tena.

Kitu kimoja kinanichoma. Serikali hii inajua nyumba zetu ziko wapi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Hakuna nyumba yenye mita iliyosahaulika. Kwa hiyo asije mtu akatuambia ni vigumu kuifikia kaya ya kawaida. Mmeshatufikia, kila mwezi, tena mpangaji analipa kodi ya jengo lisilo lake.

Wagombea udiwani watapita mitaani kwetu wakati wa kampeni. Watakuja na fulana, watakuja na muziki, watasema "Mtwara kuchele" na sisi tutaitikia, maana ni yetu. Vijana wenzangu, wakimaliza kuimba waulizeni mambo matatu, wa chama tawala na wa kwetu pia, msituonee haya. Waulizeni viwanja vinavyofuata kupimwa viko kata gani na paipu imo kwenye mchoro au haimo. Waulizeni ile asilimia 30 ya nyumba 5,000, Mtwara imepangiwa ngapi. Na waulizeni wanalipa shilingi ngapi kwa mwezi kwa intaneti ya nyumbani kwao, wanapata kasi gani. Andikeni majibu, mtaje kata, mtutumie. Tutayachapisha hapa kata kwa kata, na baraza jipya la madiwani likikaa kwa bajeti tutakwenda nayo tukakae pale nyuma kwenye viti vya wananchi.